Kioo Kisichotetemeka

Baba yetu alipofariki alimwachia kaka yangu Wynand shamba, kondoo, visima na nyumba. Mimi aliniachia darubini. Watu wa kwetu Karoo, nyika kavu ya Afrika Kusini, hawakuona ajabu yoyote, maana shamba huenda kwa mtoto wa kiume na binti huolewa. Mimi niliolewa nikarudi. Niliporudi nikakuta vyumba viwili vya nyuma vimefagiliwa vikiningoja, na wifi yangu Ronel amesimama mlangoni na tabasamu la mtu anayeumwa jino.

Sikulalamika. Nilikuwa na nafasi yangu, na nafasi yenyewe ilikuwa chini, kifudifudi, upande wa kushoto wa kaka yangu. Mashindano yetu makubwa ya kulenga mbali ni ya watu wawili wawili. Mmoja analala na bunduki, mwenzake analala kando yake na darubini ya miguu mitatu, akisoma upepo. Wynand alivuta triga, mimi nilimwambia ashike wapi, yaani alenge upande gani wa shabaha. Sahani ya chuma tunayoilenga ikiwa umbali wa zaidi ya kilomita moja, upepo mdogo tu unaipotosha risasi, na upepo wenyewe huuoni ila kwa kutazama mazigazi, yale mawimbi ya joto yanayopanda kutoka ardhini jua likikaza. Yakikimbilia kulia, upepo unatoka kushoto, basi shika kushoto. Yakisimama wima yakachemka, ngoja, upepo unataka kugeuka. Hakuna aliyeyasoma kama mimi katika wilaya ile, na sioni haya kulisema.

Kwa sababu hiyo nilikuwa pia mtu wa kuamua vioo. Kioo ndivyo tunavyoiita darubini inayofungwa juu ya bunduki. Kila mwaka kabla ya mashindano tunakutana kwa Oom Faan Blignaut, mzee ambaye hata wasio ndugu zake wanamwita Oom, yaani mjomba, na kila mtu analeta kioo chake kipya. Vyote vinabanwa kwenye meza ndefu, majina yamefunikwa kwa utepe mweusi ili bei isimtie mtu upofu, kisha tunapokezana kuchungulia. Tunatazama pampu ya upepo iliyo mbali, mkia wake una herufi zilizochakaa. Tunatazama nguzo nyeupe iliyosimama mbele ya ghala jeusi. Jua likishuka tunatafuta pembe ya swala iliyopigiliwa misumari ndani ya kichaka cha miiba. Kioo kinachokataliwa pale hakifungwi kwenye bunduki yoyote inayoiwakilisha wilaya. Ni desturi, na aliyewahi kuivunja alikula nyama choma peke yake mwaka mzima.

Wengi wanatazama katikati ya kioo na kusifu. Katikati kila kioo ni kizuri, kama kila mgeni alivyo na adabu akiwa bado mlangoni. Mimi naanzia kwenye kingo. Nauliza kama herufi za pampu bado zinasomeka zikisogezwa ukingoni. Naitazama nguzo nyeupe kama imevaa ukingo wa zambarau usio wake. Halafu nangoja saa sita ya mchana, saa ambayo wengine wanakwenda kivulini, na ninatazama mazigazi. Kioo kizuri kinayaonyesha yote, mpaka unaona kama dunia inachemka. Kioo kibaya kinayafuta. Asiyejua anakipenda kile kibaya, kwa sababu kimetulia.

Mwaka huo Wynand alirudi kutoka Cape Town na kioo ndani ya sanduku la ngozi. Alikiweka mezani jikoni kama mtu anayemlaza mtoto.

"Stiaan Roux ndiye anayeviingiza nchini," aliniambia. "Anatafuta mtu wa kukipigia. Ulaya, Amerika, kila mahali. Kikipita tu kwa Oom Faan, mtu huyo ni mimi."

"Na mimi?" niliuliza.

"Wewe vipi?"

"Utalala na nani kando yako huko Ulaya, na kondoo?"

Alicheka. "Dada, wewe nawe. Tutakwenda. Wewe kipitishe kioo tu."

Ronel alikuwa anapanga mikate mikavu kwenye kopo, ametupa mgongo. Hakugeuka. Nilidhani ananuna kwa kuwa hakutajwa, ingawa kwa miaka yote alisema kulenga shabaha ni kulala kwenye miba kwa hiari. Nililala siku ile nikiwa na furaha ya kitoto. Niliona viwanja vya ndege.

Siku ya vioo jua lilikaza mapema. Vilikuwa vioo sita mezani. Sikuhitaji kuambiwa cha Wynand ni kipi, kwa sababu yeye mwenyewe kila dakika alikuwa anapita nyuma ya cha nne. Roux alikuwepo, kijana wa viatu visivyojua vumbi, anakunywa kahawa ya Oom Faan kwa kujikaza.

Ilipofika saa sita nikainama kwenye cha nne. Katikati safi. Kingo si haba. Zambarau kidogo tu kwenye nguzo, ya kusamehewa. Halafu nikatazama ardhi iliyo mbele ya pampu, mahali ambapo hewa ilikuwa inakimbia kama kijito, na kwenye kioo kile hapakuwa na kitu. Pampu imesimama kimya kama picha ukutani. Nikahamia cha tano, kioo cha zamani cha Oom Faan chenye mikwaruzo, na hapo mazigazi yakajaa, yanalala kulia, yanainuka, yanalala tena.

Nyuma yangu wanaume walikuwa wameshapagawa.

"Cha nne hicho, jamani," alisema Dolf, jirani yetu mwenye tumbo na maneno. "Hakitetemeki hata kidogo. Nimeona mpaka misumari."

"Misumari ya nani, ya sandali zako?" mtu akamjibu, wakacheka.

Moyo uliniuma. Nilijua nitakachosema, na nilijua kitamgharimu Wynand Ulaya yake, na mimi yangu. Nikataka kwanza kuwa na hakika kabisa. Nikaenda kwenye darubini yangu ya miguu mitatu, ile ya Baba, niisome hewa upya nilinganishe.

Darubini ile ina vistari vyembamba ndani yake vya kupimia upepo. Kuna pete kwenye sehemu ya jicho, unaizungusha mpaka vistari vikate kama wembe kwa jicho lako, na ukishaipata hutaigusa tena mpaka uzeeke. Yangu niliitia alama ya rangi nyekundu ya kucha. Kwetu kugusa pete ya jicho la mtu ni kama kuazima nguo yake ya ndani. Siku ile vistari vilikuwa ukungu mtupu, na alama yangu nyekundu ilikuwa imekwenda upande.

Pete ile ni ngumu, haizunguki yenyewe begini. Mtu alikuwa ameiweka sawa kwa jicho lake. Nikakumbuka kwamba kila Jumatano napeleka mayai mjini na kulala kwa shangazi, na darubini inabaki nyumbani.

"Dolf," niliita, "hebu njoo. Unaviona vistari?"

Akainama akihema. "Vistari gani? Naona uji tu. Tannie Hettie, umepaka nini humu?" Tannie ni shangazi, ndivyo wanavyoniita.

Wynand akaja mbio. "Acha, acha, nitakurekebishia," akanyoosha mkono kwenye pete. Kaka yangu hakuwahi kukimbilia kunisaidia jambo lolote tangu tukiwa watoto. Nikaushika mkono wake.

"Iache," nilisema. "Wifi, njoo wewe. Vumbi limeniingia jichoni. Nisomee hewa kidogo."

Ronel alikuwa anagawa sandwichi. Haoni mbali, na hataki kuvaa miwani kwa sababu anasema inamzeesha. Akaja akijifuta mikono. Nafikiri alidhani nimeshaambiwa kuhusu mazoezi yao ya Jumatano. Akapiga magoti, akaweka jicho, hakugusa pete, hakusita.

"Inakwenda kulia," alisema. "Kistari kimoja, kimoja na nusu. Karibu na pampu imeanza kuchemka. Ningengoja."

Hapo akainua kichwa, akaniangalia. Alisoma vizuri. Alisoma kwa maneno yangu mimi, moja baada ya jingine, kama nilivyomsomea Wynand tangu Baba akiwa hai. Wanaume wakatazama viatu vyao. Nikasimama pale kama niliyemwagiwa maji baridi, na aibu ilikuwa yangu, sijui kwa nini, ilikuwa yangu.

Oom Faan, ambaye masikio yake yalikuwa yamechoka na hakuelewa kilichopita, akagonga meza kwa kikombe.

"Haya, Hettie aseme. Cha nne vipi?"

Huo ndio mtego, na sikuwa nimetegewa na mtu. Nikisema ukweli, watasema ni kijicho. Nikisema uongo, ninampeleka Ronel Ulaya kwa mdomo wangu mwenyewe. Nikamtazama Wynand. Alikuwa ananiomba kwa macho, bado, hata baada ya hayo.

"Cha nne hakitetemeki kwa sababu hakioni," nilisema. "Kinafuta mazigazi. Atakayekifunga atakuwa analenga picha. Mimi sikipitishi."

Roux akatabasamu kwa upole, akasema kitu kuhusu madawa yanayopakwa kwenye lenzi. Dolf akakohoa.

"Tannie, samahani," alisema, "lakini hapo kinaongea kioo au kinaongea kitumbua kilichotiwa mchanga?"

Walicheka, wengine kwa huruma. Wakapiga kura ya mikono, jambo ambalo halikuwahi kufanyika mbele ya neno langu. Kioo cha nne kikapita. Oom Faan peke yake hakuinua mkono, na nadhani ni kwa kuwa hakusikia.

Jioni nilimkuta Wynand anafunga kamba za gari.

"Nilitaka kukuambia," alianza.

"Lini?"

Akajikuna shingo. "Baada ya wewe kukipitisha."

Angalau hilo alilisema bila kupindisha.

"Wanataka mume na mke, Hettie. Roux anasema inapendeza kwenye picha. Sasa mimi niwaambie nini watu, huyu ni dada yangu aliyeachika, anakaa vyumba vya nyuma? Ronel amejifunza kwa bidii. Usimchukie."

"Simchukii Ronel," nilisema, na niliposema hivyo nilikuwa namchukia mpaka meno yananiuma. Lakini yeye alikuwa ameiba nafasi tu. Aliyeitoa ni huyu.

Kwenye mashindano nilikwenda kwa ubishi. Nilipanda nyuma ya gari na darubini yangu mapajani, pete imesharudi kwenye alama, na hakuna aliyethubutu kunishusha. Ronel alikuwa na darubini mpya ya Roux. Wamevaa fulana zinazofanana, yeye na kaka yangu, jina la kampuni limeandikwa kifuani. Walipiga picha sana.

Nikajiweka nyuma ya kamba ya watazamaji, hatua chache tu kutoka walipolala. Sheria iko wazi na inasomwa kwa kipaza sauti kila asubuhi: aliye nje ya wawili hao akisema neno la kumsaidia mpigaji, risasi hiyo haihesabiwi.

Siwezi kusema Ronel alikuwa mbovu. Nilitamani awe mbovu. Alisoma taratibu, sauti yake haikutetemeka, na sahani ikalia, ikalia tena. Mara mbili niliona kitu kabla yake, lakini naye alikiona baadaye kidogo, na Wynand akangoja. Mpaka risasi ya mwisho walikuwa sawasawa na ndugu wawili kutoka Bloemfontein. Sahani ya mwisho ilikuwa ile ya mbali kuliko zote, juu ya ardhi nyekundu inayowaka.

"Kulia, kistari kimoja," alisema Ronel. "Shika kushoto. Piga."

Wynand alivuta pumzi. Wakati anaitoa, mazigazi yakasimama, yakachemka, kisha yakaanza kuelekea kushoto, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani. Nililiona. Ronel naye aliona kitu, kwa sababu alifungua mdomo, na hakuna kilichotoka. Hakuwahi kukutana na hilo kwenye mazoezi ya Jumatano. Lakini Wynand alikuwa na maisha yake yote juu ya bunduki, alihisi hewa shavuni imekwenda vibaya. Nilimwona anakaza jicho kwenye kioo akitafuta mazigazi, na kioo hakikumpa kitu. Kama ile pampu ya kwa Oom Faan. Picha.

"Hettie," alisema. "Upepo?"

Hakugeuza kichwa. Hakuwa anajua anasema nini. Na mimi, Mungu ni shahidi wangu, sikufikiri sheria, sikufikiri Ulaya, sikufikiri fulana. Aliniuliza, nikajibu, kama unavyopokea kikombe ukipewa.

"Umegeuka. Shika kulia, ukingoni."

Akapiga. Tukangoja kile kimya kirefu, halafu chuma kikalia, katikati kabisa, sauti ile safi ambayo Baba alikuwa anaiita kengele ya kanisa. Kwa muda mfupi sana tulikuwa sisi tu, mimi na yeye. Halafu mwamuzi akainua bendera nyekundu.

Watu wakaanza kusema kabla sijasimama. Dolf alikuwa wa kwanza. "Si niliwaambia? Kijicho hicho. Amemharibia kaka yake mchana kweupe."

Mwamuzi, mama mmoja mkavu wa Kimberley, akaja na kofia yake pana. Alimuuliza Wynand kwa heshima. "Meneer Lategan, huyu dada alisema. Sote tulisikia. Nataka kujua kama uliomba, kwa sababu ukiomba unatolewa kabisa mashindanoni. Asipoombwa, ni risasi moja tu iliyofutwa, unabaki wa pili. Ulimwita?"

Wynand alipiga magoti taratibu, akajipangusa vumbi. Roux alikuwa amesimama pale kwenye kamba.

"Sikumwita mtu," alisema.

Nilimtazama. Hakunitazama. Niligundua kwamba nilikuwa naweza kukubali kila kitu, vyumba vya nyuma, Jumatano, fulana, lakini hilo sikulimudu.

"Alimwita."

Ni Ronel. Alikuwa bado amekaa chini, miguu yake ameikunja, vumbi jekundu kwenye magoti. Uso wake ulikuwa mweupe.

"Nilikuwa nimelala kando yake," alisema. "Mimi nilikuwa pale. Aliita jina la Hettie, akauliza upepo. Mniandikie hivyo."

"Ronel," alisema Wynand.

"Usiniambie Ronel. Hilo jina unalijua sasa?"

Akainuka, akavua ile fulana hapohapo mbele za watu, akabaki na blauzi ya ndani, akaitupa juu ya darubini mpya na kwenda garini. Hakunitazama alipopita, wala sikutaka anitazame. Hakunisaidia mimi. Alijisaidia mwenyewe, na sikumlaumu.

Wynand akatolewa mashindanoni. Alipokuwa anakusanya vitu alisema kwa sauti ndogo, bila kuniangalia, "Mngeweza kunyamaza. Wote wawili. Kilikuwa kitu kidogo tu."

Tulirudi nyumbani kwenye gari moja, kwa kuwa gari lilikuwa moja. Ronel aliendesha. Kwenye barabara ile ndefu hakuna aliyesema kitu isipokuwa mara moja, tulipomkwepa kobe.

Roux alikaa kimya wiki nzima, kisha akapiga simu. Watu wa kampuni walikuwa wameona picha ya sahani ile ya mwisho, alama ya risasi katikati, na hawakujali bendera. Bado walimtaka Wynand kwa mashindano ya Windhoek, peke yake safari hii, aina ile ya mpigaji mmoja anayejisomea upepo mwenyewe kwa kioo chake.

Mchana uliofuata alikuja vyumba vya nyuma. Hakuwahi kubisha hodi kwangu, siku ile alibisha. Alikuwa ameshika kile kioo kwa mikono miwili.

"Hettie, niambie kweli. Siku ile ulisema kwa hasira au ulisema kwa kioo? Utakavyosema sasa ndivyo nitakavyofuata. Najua huwezi kunidanganya kwenye jambo hili."

Nikakichukua. Nikatoka nacho uani, nikakilaza juu ya ukuta wa zizi, nikaiweka pete sawa na jicho langu, nikatazama bonde. Jua lilikuwa linawaka. Kwa macho matupu niliona hewa yote inakimbia. Ndani ya kioo, hakuna. Nilitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Nilikuwa nawaza Windhoek, joto la kule, na yeye amelala peke yake, hakuna mtu kushoto kwake.

"Ni kizuri," nilimwambia. "Ilikuwa hasira."

Akashusha pumzi, akanishika bega. Kwa miaka yote niliyomsomea hewa, Wynand hakuwahi kunishukuru hata mara moja, na sikuwahi kumtaka anishukuru. Siku ile alisema asante, akaenda kukifunga.